Karatasi Aliyoitia Mkono

Jumanne ya tarehe kumi na nne Mei, mwaka wa elfu mbili na ishirini na nne, saa nne na robo za asubuhi, Abdulghafur fundi kanzu alitia sahihi karatasi asiyoijua ina nini ndani, akasema "Ahsanta sana, mwalimu," akaondoka. Yote yaliyoharibika yaliharibika hapo. Kabla yake palikuwa na shida. Baada yake pakawa na shida iliyoandikwa, na shida iliyokwisha kuandikwa ina wenyewe, haimtambui tena mwenye nayo.

Shule zilikuwa zimefunguliwa jana yake tu, zikiwa zimechelewa kwa mvua na mafuriko ya mwaka ule. Njia ya kuingilia shuleni, upande wa Ganjoni, ilikuwa bado tope tupu. Abdulghafur alivua viatu mlangoni mwa afisi kwa adabu, kama aingiaye nyumba ya mtu.

"Vaa tu, mzee, hapa si msikitini," mwalimu mkuu, Bi Mwikali, akamwambia, na karani aliyekuwa pembeni akacheka. Basi mazungumzo yale aliyaanza amekwisha kuaibika, kiatu kimoja mkononi.

"Ni kuhusu Nasiha," Bi Mwikali akasema. "Mtoto ana heshima zake, sikatai. Lakini yuko gredi ya tano na hawezi kusoma kitabu cha gredi ya kwanza. Hilo unalijua?"

"Nalijua, mwalimu. Ni uvivu. Nyumbani namsema kila siku ya Mungu."

"Si la kumsema tu. Tumekaa, tumelijadili. Kuna mahali atasaidiwa vizuri kuliko hapa. Soma hii, ukikubali utie sahihi pale chini."

Karatasi ilikuwa ya Kizungu, lakini hata ingekuwa ya Kiswahili yangekuwa yale yale. Abdulghafur aliishika mbali kidogo na uso, akakunja kipaji, kama alivyofanya miaka thelathini mbele ya makaratasi yote ya dunia, ya benki, ya hospitali, ya kaunti. Akangoja muda unaomtosha mtu kusoma. Muda huo aliujua kwa pumzi zake mwenyewe: pumzi kumi na mbili kwa ukurasa mmoja. Zilipotimia akatikisa kichwa kama mtu aliyeridhika.

"Una swali?"

"Swali la nini? Nyinyi ndio wenye elimu."

Akatia sahihi. Na sahihi yake, ole wake, ilikuwa nzuri mno.

Sahihi ile alifundishwa na mkewe, marehemu Sheikha, mwaka waliooana. Mbele ya kadhi bwana harusi alikuwa ametia dole gumba, na Sheikha aliliona dole lile la wino wa samawati. Wiki ya pili akachukua kipande cha marikani, akachora juu yake kwa penseli jina la mumewe lenye mikunjo na mkia mrefu, akamwambia, "Haya fundi, hii ni darizi. Ifuate." Abdulghafur akaifuata kwa sindano na uzi mara ishirini, kisha kwa kalamu mara mia mbili. Herufi ipi ni ipi hakupata kujua. Alijua tu mkono unapanda wapi, unageuka wapi na unashuka wapi, kama ajuavyo darizi ya shingo ya kanzu. Ikawa sahihi ya kuonewa wivu na mawakili.

Tangu hapo Sheikha akawa ndiye macho yake. Alimsomea kila kilichoandikwa, mlango umefungwa, kwa sauti ya chini, na hakumsimanga hata siku waliyogombana. Halafu Januari ya elfu mbili na ishirini na moja Sheikha akafa kwa presha, wauguzi wamegoma na wakubwa wametia pamba masikioni. Mumewe akabaki na mtoto mmoja wa kike wa miaka minane, na siri iliyokuwa ikibebwa na watu wawili ikamwangukia mmoja. Wakubwa wale Abdulghafur hakuwasamehe. Hata kanzu zao za Idi alikataa kuzishona.

Duka lake la cherehani lilikuwa Mji wa Kale, katika uchochoro wa Kibokoni, na kazi yake ilisifika kwa jambo moja: hakuandika vipimo. Kila mteja alikuwa na ukanda wake, kipande cha pindo la leso kilichotiwa chanjo za mkasi, ya kwanza bega, ya pili mkono, ya tatu kifua, hivyo hivyo hadi kisigino. Kanda mia na zaidi zilining'inia misumarini. Watu walisema huo ndio ufundi wa wazee, na wageni walikuja kuupiga picha. Ukweli ni kwamba mtu asiyejua kuandika hana budi kutafuta pa kuweka akili yake.

Nasiha alizijua kanda zile zote. Ungemfunga kitambaa cha macho angezipapasa kwa vidole akakwambia, huyu ni Mzee Khursheed, huyu ni imamu, na huyu tumbo limeongezeka tangu mwaka jana. Chuoni alikuwa amehifadhi juzuu mbili kwa kumsikiliza ustadhi tu. Lakini umpe kitabu! Mpe kitabu uone mtoto anavyogeuka jiwe. Jasho lilimtoka puani, kidole kilipotea mstarini, neno alilolisoma juu hakulijua lilipotokea tena chini. Watoto wa mtaani wakaupata mchezo. Walimngoja karibu na duka la halua, wakamzingira: "Nasiha, bao la duka lasemaje? Tusomee, mwalimu!" Naye akawa anazunguka njia ya mbali, huku na huku, mradi asipite penye maandishi.

Nyumbani hakukuwa na nafuu. Abdulghafur, ambaye kwa kila mtu alikuwa mpole, kwa jambo hili moja alikuwa moto. Akimwona mwanawe ameduwaa mbele ya ukurasa kitu kilimpanda kifuani asichoweza kukipa jina. "Mvivu wee! Watoto wa wenzio wana vichwa, wewe una kibuyu?" Ramadhani iliyopita alimpiga kwa kipimo cha mbao, kikavunjika. Nasiha hakulia. Aliokota vile vipande viwili akaviweka mezani, sambamba.

Sasa turudi kwenye karatasi.

Jumatatu iliyofuata Nasiha aliondoka na sare yake na mkoba wake kama kawaida, na saa mbili na nusu akawa amesharudi. Amesimama mlangoni mwa duka.

"Mbona umerudi?"

"Askari wa langoni hakuniachia. Amesema jina langu limetolewa."

"Limetolewa na nani?"

"Amesema na wewe, baba."

Abdulghafur aliufunga mlango wa duka huku mteja mmoja yumo ndani anapimwa. Alipanda tuktuk, akafika Ganjoni akitweta kama aliyekimbia mwenyewe. Safari hii viatu hakuvua.

"Mzee, mbona washangaa?" Bi Mwikali akamwambia. Akafungua faili, akaigeuza karatasi imwelekee. "Si hii hapa? Wewe mzazi umeomba mtoto ahamishwe, apelekwe kitengo maalumu cha watoto wenye ulemavu wa akili, kule upande wa Tononoka. Nafasi yake tayari imepewa mwengine, kuna watoto wengi wanangoja. Ile siku hukuisoma?"

Hapo ndipo palipokuwa na mlango. Ulikuwa wazi, na wa kupitia alikuwa yeye peke yake. Angesema neno moja, mambo yangeishia pale pale, asubuhi ile ile. Lakini karani yule wa siku ile alikuwa amekaa pembeni, kalamu mdomoni, anamtazama.

"Niliisoma," Abdulghafur akasema. "Kusoma niliisoma. Lakini sikudhani mambo yatakwenda mbio hivi."

"Basi," Bi Mwikali akasema, akalifunga faili.

Njia nzima ya kurudi Abdulghafur aliwalaani wakubwa. Wamo afisini, wana feni, wana chai ya maziwa, wana macho mawili mawili kila mmoja, na katika macho yote hayo hakuna jozi moja iliyomwona mtoto. Waliloliona ni wastani wa shule utakavyopanda akitolewa aliye mkiani. Alikuwa na haki katika hayo. Lakini kila alipofika kwenye neno "niliisoma" laana ilikatika, akaanza tena mwanzo.

Mama mkwe wake, Bi Mejumaa, alikuwa na tafsiri yake mwenyewe, naye hakuwa mtu wa kungoja kuulizwa.

"Mato hayo, mwanangu. Mato ya watu, jicho la hasidi. Mtoto ahifadhi juzuu mbili kwa kusikiliza tu, wamwone wamwache? Ningojee mimi." Akamtuma mtu kwa mzee mmoja aandikaye kombe. Ikaletwa sahani nyeupe ya udongo, imeandikwa aya kwa zaafarani, ikaoshwa kwa maji ya mawaridi, na maji yale Nasiha akayanywa asubuhi saba, kabla hajala kitu.

Siku ya saba alirudisha kikombe akafuta mdomo. "Bibi," akasema, "nimezinywa herufi zote. Mbona bado hazikai?"

Ulimi wa Bi Mejumaa ulijulikana kutoka Kibokoni hadi Kuze. Alimvuta mjukuu wake kifuani, akamfunika kwa buibui lake, wakakaa hivyo.

Nasiha akapelekwa kule kitengoni, kwani sheria ni sheria na mtoto hawezi kukaa nyumbani. Lilikuwa darasa moja refu lenye watoto kumi na tisa. Wengine hawakuweza kusema, wengine walicheka bila ya kukoma, na mmoja alimpenda Nasiha siku ile ile akakataa kuuachia mkono wake. Nasiha aliwafunga viatu, akawafuta pua, akawaimbia kasida. Hakuna aliyemwuliza bao lasemaje. Kwa hilo alipumua. Lakini wale wa mtaani walipopata habari mchezo ukabadilika, wakamtungia jina ambalo halifai kuandikwa, na Nasiha akaacha kwenda chuo, akaacha kula na watu, akaacha hata kuzipapasa kanda za baba yake. Ukimwuliza neno alijibu kwa bega.

Mwalimu wa kitengo alikuwa binti kijana wa Kirabai, jina lake Nyevu. Wiki ya nne alimwita Abdulghafur, akamkalisha kwenye kiti kidogo cha watoto, magoti yakamfika kidevuni.

"Baba Nasiha, nani alimpima huyu mtoto akasema akili yake ina kasoro?"

"Mimi najua? Si nyinyi wakubwa?"

"Mimi si mkubwa, baba, mimi hata kazi yenyewe ni ya mkataba," Nyevu akasema akicheka. Kisha akaacha kucheka. "Nimempa hesabu za kichwa, akanishinda. Nimemsomea hadithi ya kurasa nne mara moja tu, akanirudishia yote, hata jina la mbuzi, na hilo mimi mwenyewe nilikuwa nimelisahau. Nikaiandika hadithi ile ile ubaoni, akaganda. Huyu si wa hapa."

"Basi ana nini? Mvivu?"

"Hana uvivu wala si mjinga, na wala si ugonjwa. Wanaiita disleksia. Ni namna ubongo unavyozishika herufi. Wewe ukiona herufi, mlio wake unakujia wenyewe, sivyo? Yeye haumjii, au wachelewa, au waja mwengine. Herufi zamtembea. Anafanya kazi mara kumi ya wenzake kulifikia neno moja, halafu tunamwambia hajitahidi. Afundishwe pole pole, kwa mkono na kwa sikio, na mtu anayejua. Atasoma. Lakini akae kule kule alikotoka, na msaada umfuate kule."

Abdulghafur alikuwa akiyatazama magoti yake.

"Kitu kinachotufunga ni ile fomu," Nyevu akaendelea. "Alipaswa kupimwa kwanza, hakupimwa. Lakini fomu yasema mzazi mwenyewe ameomba, baada ya kusoma na kuelewa. Kila nikipiga simu najibiwa hivyo hivyo: mzazi ameelewa." Akasita. "Na jambo lengine. Mara nyingi hii hutembea katika damu. Kwenu kuna mwengine? Mjomba, shangazi? Wewe mwenyewe?"

"Hakuna," Abdulghafur akasema, upesi, kama afungaye dirisha mvua ikija.

Nyevu alimtazama, na Abdulghafur akahisi kama amepimwa, bega, mkono, kifua, hadi kisigino.

Siku tatu hakushona kitu cha maana. Alijikumbuka yuko darasa la tatu, shule ya karibu na Makupa, amesimamishwa juu ya dawati, darasa zima linapiga makofi polepole likingoja asome sentensi moja ya ng'ombe na maziwa. Mwalimu alisema, "Tutangoja hadi kengele." Wakangoja hadi kengele. Siku ya pili hakurudi, na hakuna mtu aliyekuja kumwuliza. Ami yake akamkalisha chini ya cherehani kuokota sindano. Miaka yote hii alidhani lile dawati ni lake peke yake, kosa lake, kibuyu chake. Kumbe lina jina. Jina la Kizungu, gumu, lakini jina. Kwani mwalimu yule hakulijua? Na aliyemwajiri? Na aliye juu yake? Hasira zikampanda, zikapita kwa wakubwa wote mmoja mmoja, zikamaliza mzunguko wake zikamrudia yeye na kipimo cha mbao mkononi.

Siku ya nne alimwendea Nyevu. "Niandikie barua," akasema. "Mimi nitakwenda kusema."

Hakumwambia atasema nini. Nyevu akaandika kwamba mtoto huyu si wa kitengo chake, na kwa uaminifu wake akalikata jina la Nasiha katika daftari lake, ili isiwepo hoja ya kumrudisha kitengoni.

Wakaitwa Ijumaa moja ya Julai, asubuhi, katika afisi ya elimu mjini, ghorofa ya tatu. Afisa aliitwa Bwana Morgan, mtu mnene, mchangamfu, mwenye meza yenye mafaili pande zote mbili kama kuta za uchochoro. Bi Mwikali alikuwepo na faili lake. Nyevu alinyimwa ruhusa ya kutoka kazini. Nasiha aliambiwa aje, kwa kuwa mambo yalimhusu yeye, kisha akakalishwa mbali karibu na mlango na hakuna aliyemsalimu.

Bwana Morgan aliisoma barua ya Nyevu, akaiweka. "Sawa. Mwalimu ana maoni yake. Lakini, mzee, hapa kuna sahihi yako. Umesoma, umeelewa, umeomba. Sasa umegeuza nia, si ndiyo?"

"Sikugeuza nia," Abdulghafur akasema. Alitamani kumwambia Nasiha atoke nje kidogo, akanunue maji, akatazame barabara. Hakumwambia. "Sikuisoma. Mimi sijui kusoma."

Feni ilizunguka. Nasiha aliinua uso.

"Hujui kusoma Kiingereza," Bwana Morgan akamsaidia.

"Sijui kusoma. Hata hilo jina langu silijui likiandikwa na mtu mwengine."

Bwana Morgan akatabasamu, akamgeukia Bi Mwikali, kisha akaiinua ile karatasi juu. "Mzee, usitufanye watoto. Hebu tazama hii sahihi. Hii ni sahihi ya jaji! Mimi nina digrii mbili na sina sahihi kama hii."

"Hiyo ni darizi."

"Ni nini?"

"Nimefundishwa na marehemu mke wangu. Naishona tu. Siisomi."

Bi Mwikali hakucheka. Alikuwa akimtazama kama amwonaye mara ya kwanza. "Lakini mimi nilikuuliza," akasema polepole. "Nilikuuliza, nawe ukaniambia umeisoma."

"Nilikuambia. Nilisema uongo, mwalimu. Nimeusema miaka thelathini, wewe si wa kwanza."

"Mimi nitajuaje kwamba huu wa leo ndio ukweli?" Bwana Morgan akasema. Akachomoa karatasi moja katika kuta zake, tangazo fulani la Kiswahili, akamsogezea. "Haya. Soma hapo juu."

Abdulghafur aliitazama. Alijua mwanawe yuko nyuma yake. Akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, na herufi zikaanza kazi yao ile ile ya tangu darasa la tatu. "Wa," akasema. "Wa... ma..." Jasho likamtoka puani. Kidole kikashuka mstari wa pili bila ya kukusudia, akakirudisha, akapotea, akaanza tena. "Wa..." Karani mmoja wa pale aliyekuwa akipita na chai alisimama. Bwana Morgan alikuwa ameegemea kiti, anangoja, na angengoja hadi kengele.

Kiti karibu na mlango kikalia. Nasiha alikuja hadi mezani, akaivuta ile karatasi chini ya kidole cha baba yake, taratibu, kama mtu anayemvulia mwenziwe mzigo, akaiweka mbele ya afisa.

"Ashakwambia hajui," akasema. "Mbona wamtesa?"

Ilikuwa sentensi yake ya kwanza ndefu kwa wiki tano. Bi Mwikali akainamisha kichwa. Bwana Morgan akakohoa, akazipanga kalamu zake, na tabasamu lake likatoweka. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalouma kwa watu hawa, kwamba ukiwatafuta ubaya huuoni, waona kanuni tu.

"Nimeelewa," akasema. "Mimi naamini. Lakini faili haliamini, mzee. Itabidi uende kwa wakili, akuandikie kiapo kwamba ulitia sahihi bila ya kusoma. Ukishakisoma hicho kiapo, ukitie sahihi, ukilete. Halafu kikao kitakaa."

"Nikishakisoma," Abdulghafur akasema.

"Ndiyo... yaani..." Bwana Morgan akakwama, mara ya kwanza siku ile. "Mtu akusomee."

"Kikao kitakaa lini?"

"Wakipatikana wote."

Bi Mwikali akasema yeye binafsi angempokea mtoto hata leo, wallahi, lakini darasa limejaa na bila ya barua ya afisi hawezi kuliandika jina. Bwana Morgan akasema afisi haiwezi kutoa barua kabla ya kikao. Wakasemezana kwa adabu nyingi, kila mmoja akimrudishia mwenziwe mlango aupite yeye kwanza, na mwadhini alipoanza kusikika mbali Bwana Morgan akashukuru akasema, "Mzee, usikose swala yako kwa ajili yetu."

Ngazi zilikuwa ndefu. Ghorofa ya pili Nasiha akasimama.

"Baba, na wewe zakutembea?"

"Zanitembea."

"Tangu lini?"

"Tangu nikiwa mdogo kuliko wewe."

Akafikiri. "Basi ulipokuwa wanipiga ulikuwa wamwona nani?"

Abdulghafur akashika ukuta. Mtu mmoja mwenye mafaili akawapita, akawaambia samahani.

"Nilikuwa najiona mimi," akasema. "Ndiyo maana nilikupiga. Nisamehe, mwanangu."

Nasiha alimshika kidole kimoja, kile cha kusomea, wakateremka.

Wakili walimpata Jumamosi, lakini alisema Jumatano ndiyo atakuwa na nafasi. Nyevu alipigiwa simu akalia, akasema jina alilolikata hawezi kulirudisha bila ya fomu mpya, na fomu mpya itasema yale yale ya zamani. Bi Mejumaa alisema atakwenda Ganjoni yeye mwenyewe akakae langoni na mkeka wake waone.

Jumapili alasiri Abdulghafur aliwasha pasi. Alikuwa na sare mbili za mwanawe mezani, zote alizishona kwa mkono wake, ya Ganjoni yenye sketi ya buluu na ya Tononoka yenye gauni la kijani. Alizinyoosha zote mbili, mikunjo ikakaa kama kisu. Kisha akasimama na pasi mkononi kama aliyesahau alilotaka kufanya.

Nasiha alikuja akasimama upande wa pili wa meza. Alizitazama sare, akagusa kola ya hii, akagusa kola ya ile.

"Baba," akasema, "kesho nivae ipi?"